Punje Thelathini na Nane

Jumatatu, 13 Januari 2025
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nina miaka themanini na tatu, sikushangaa. Nimeamua kuungama kabla haujasimama.

Dhambi yenyewe ni ya mwaka 1986. Nilikuwa mtafiti wa mbegu wa serikali. Kule kijijini Mwamgongo tuliwapikia akina mama maharage ya majaribio, kila aina na chungu chake, na kopo mbele yake. Kila mama alipewa punje moja ya mahindi, aitumbukize kwenye kopo la maharage yaliyompendeza. Yaliongoza ya mwenzangu Eliakimu. Yangu yalipata punje mbili. Walipokwenda kunawa, nikaongeza za mfukoni.

Serikali ikapitisha yangu. Yalichemshwa tangu asubuhi hadi jioni, na bado yaligonga meno. Eliakimu akahamishiwa kwenye pamba, asiyoipenda.

Jumanne, 14 Januari
Nimemwandikia Eliakimu barua ya toba. Kurasa tatu. Nimeisoma upya: kurasa mbili na nusu zinaeleza nilivyofaulu chuoni. Kopo halikutajwa popote. Nimeichana.

Jumatano, 15 Januari
Ujiji, kwa Eliakimu, nimwambie uso kwa uso. Miguu yake imevimba, hatembei tena. Aliuliza nimekuja kuazima fimbo au kumpima kaburi. Akasema mimi nina bahati: nimevunja meno ya wilaya nzima, nikapewa cheti.

Nikafungua kinywa. Akaniwahi. Mbegu yake ile ile, aliyoipanda nyuma ya nyumba miaka yote hii, Diana wa kituo cha utafiti ameiingiza kwenye majaribio mapya. Keshokutwa inaonjwa Mwamgongo. Akanishika mkono.

“Nenda wewe, Telesphory, uwe macho yangu. Nikisikia imepita, hata kesho wanizike.”

Sikuungama. Nilikula ugali wake na samaki wawili, migebuka ya ziwani.

Ijumaa, 17 Januari
Boti kutoka Kibirizi. Nilitapika njia nzima. Katikati ya kutapika Diana alinidokeza kwamba ya Eliakimu ni namba mbili.

Tulipofika akaniketisha karibu na makopo, kwa heshima. Akawaambia watu kwamba babu huyu ni mfano wa uaminifu. Nikatazama viatu vyangu. Bibi mmoja, Yunisi, aliyekuwapo 1986, akauliza kama bwana shamba amewaletea tena yale mawe. Wenzake walicheka mpaka wakakohoa.

Macho yangu hayafiki ndani ya kopo. Niliona kama wengi wanakwenda namba tano. Nikawaza: nilimwibia, nimrudishie. Walipokwenda kunawa, nikachota mahindi kwenye mfuko wa Diana, nikamimina namba mbili. Kwa mara ya kwanza tangu 1986 nilijiona mtu mwema.

Diana akahesabu. Akina mama walikuwa thelathini na mmoja. Namba mbili peke yake ilikuwa na punje thelathini na nane. Makopo mengine yote kwa pamoja, nane. Nikapiga hesabu kichwani. Ilikuwa imeshinda bila mimi, kwa kura ishirini na tatu.

Yunisi alitaka kura irudiwe. Vyungu vilikuwa vitupu. Diana akaifuta namba mbili, kwa mujibu wa kanuni, kwa sababu ya udanganyifu. Akaomba mtu mzima mwenye heshima asaini kama shahidi. Nikasaini.

Jumamosi, 18 Januari
Eliakimu amepiga simu mara nne. Sikupokea. Ya tano nimepokea, nikiwa nimedhamiria kusema yote. Nikasikia anavyopumua. Nikamwambia imepita. Alilia, akanishukuru kwa kumsimamia.

Kwa hiyo sasa ni lazima ipite. Nimempigia Diana. Mbegu zote ziko stoo, kwenye mifuko ya karatasi, kila mfuko na kibandiko chenye namba. Iliyoshinda ni namba tano. Nimeomba nikaziangalie Jumatatu, kuaga tu, uzee huu. Amefurahi sana, atanifungulia mwenyewe.

Nimenunua gundi.