Samaki Wenye Haya

Sukari ilipoadimika mjini, watu walilalamika kwenye foleni. Zahoro wa Magomeni hakupanga foleni. Alitaka kilo tano, na alizitaka kabla ya Ijumaa, kwani mjomba wa Siwema, binti aliyetaka kumposa, alikwishatamka kwamba posa isiyo na sukari ya chai ya wazee ni matembezi tu.

Ndipo akamwona Theophil, meneja wa duka la ugawaji kule Gerezani, ameganda mbele ya kibanda cha fundi saa Kariakoo. Ndani ya tangi la kioo, kisamaki cha Kigoma, kifupi kuliko kidole, kilikuwa kikiingia na kutoka kwenye gamba la konokono. Wapita njia walitazama samaki. Zahoro alitazama macho ya meneja.

Kesho yake alibisha mlango wa nyuma wa duka, kakumbatia tangi lile lile. Alikuwa amelilipia kwa saa yake ya mkononi, aliyomwachia fundi. Magamba yalikuwa mengi, samaki mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona namwona mmoja?"

"Huyo mlinzi. Wenyewe wamo ndani, mke na mume kila gamba. Wana haya kama maharusi."

Akamweleza jinsi wageni wa balozini wanavyowagombea kwa fedha za kigeni, na jinsi wanavyozaana kwa vumbi la dagaa tu. Theophil akatumbukiza mkono ainue gamba.

"Usiwaguse, mzee. Wakishtuka watakula watoto wao. Utakuwa umehujumu fedha za kigeni, na mimi sitaki kuitwa shahidi."

Mkono ukatoka majini upesi. Zahoro akataja bei: kilo tano za sukari. Meneja akaingia stoo, akarudi na mfuko wa kaki ulioshonwa mdomo.

"Usifungue njiani, kijana. Mgambo wamejaa Msimbazi. Wakikuona na sukari, wewe ni mlanguzi."

Zahoro akashukuru kwa nasaha, akaficha mfuko chini ya kanzu, akapita mbele ya mgambo kwa mwendo wa mja mzito.

Ijumaa wazee wakaketi mkekani nyumbani kwa kina Siwema. Shangazi wa Siwema akafumua mfuko uani, chai ikaletwa. Mjomba akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu. Wenzake wakaweka vyao. Zahoro akaonja. Ilikuwa chumvi, nyeupe, ya kusagwa, na shangazi hakuwa amebana mkono.

"Sukari hii umeitoa wapi, baba?"

"Kwa mtu mkubwa, mjomba. Haipati kila mtu."

"Na wewe unaionaje?"

Mwingine angekiri. Lakini ulimi uliomlisha Zahoro miaka yote haukujua kazi nyingine.

"Tamu."

"Basi maliza."

Akamaliza. Nyuma ya pazia sauti ya Siwema ikasema, "Mwongezeeni. Ameipenda."

Baada ya kikombe cha pili posa ilirudi na mwenyewe. Hakusimama mpaka kwenye bomba la mtaa, akapenya katikati ya ndoo za akina mama, akainamia maji kama ng'ombe. Wakamwuliza anatoka wapi na kiu ya namna ile.

"Ukweni," akasema, akipangusa kidevu. "Wamenikirimu mno."