Ombi la Kutoboa Kuta za Kibanda cha Mlimani

Kwa Mbunifu wa Majengo,
ambaye pia ni mpwa wangu,

Yahusu: Kibanda chako kipya cha wapanda mlima

Salamu zikufikie hapo ofisini kwenu. Mimi mjomba wako, kiongozi wa wapanda mlima, ni mzima isipokuwa goti. Ninakuandikia kwa heshima zote za kiofisi kwa sababu tukiongea kwa simu huwa unacheka.

Mwanangu, kibanda ulichotuchorea kimetuharibia kazi. Sisemi kimejengwa vibaya. Laiti kingejengwa vibaya, nisingejisumbua kushika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Joto. Kile kibanda cha zamani cha mabati kilikuwa na baridi ya kueleweka. Mgeni alilala na viatu, na kabla hakujapambazuka alinisihi mwenyewe, "Kiongozi, twende kileleni, twende popote, ilimradi tutoke humu." Sasa wewe umejaza sufu ya kondoo ndani ya kuta, ukaweka vioo viwili viwili madirishani, na mlango ukaugeuzia upepo mgongo. Mgeni anaamka, anajinyoosha kama paka, ananiuliza, "Kwani huko kileleni kuna nini?" Miaka yote sijawahi kuulizwa swali hilo. Kuna mawe.

Juzi nilikuwa na daktari wa meno aliyekuja na bendera ya klabu yao aisimike kileleni. Aliisimika dirishani, karibu na birika, akapigwa picha akiwa na soksi. Kisha akaniomba cheti cha kufika juu.

2. Ukimya. Mabati yalipiga kelele hadi watu wakasameheana. Nimeona kwa macho yangu mke na mume waliopanda bila kusemezana wakishikana mikono kwa woga. Kibanda chako hakitikisiki. Kimya ni kikubwa mno, wageni wananisikia ninavyokoroma, na mmoja wao ameniigiza mbele ya wapagazi wangu.

3. Choo. Niwie radhi, haya si mambo ya mtu kuzungumza na mpwa wake. Zamani choo kilikuwa nyuma ya mwamba, na upepo ulihakikisha hakuna anayekawia. Hiki chako cha kumwagia maranda ya mbao badala ya maji hakinuki hata chembe, na tena kina dirisha linalotazama bonde. Watu wanaingia na vitabu! Mpishi wetu, mtu mpole usiyemsikia akipandisha sauti, amefikia hatua ya kugonga mlango kwa mwiko. Uliahidi kwamba uchafu utageuka mbolea. Naam, umegeuka. Mpishi amepanda vitunguu kwenye kisanduku nyuma ya kioo cha dirisha, vimeota, na sasa chakula cha mchana kinachelewa kwa sababu anapalilia.

4. Mke wangu. Hapa ndipo panapouma. Alipanda pamoja na wapagazi aone hicho kinachosifiwa, akasema atashuka kesho yake. Alipoingia aliweka kiganja ukutani, akanigeukia. "Baba, hapa tuko juu ya mawingu na kuna joto kuliko chumbani kwetu. Mbona miaka yote unaniambia baridi ni suala la kuzoea?" Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo hajashuka. Anafuma soksi kwenye dirisha la jua, na mimi nikifika nyumbani najipikia.

5. Jina langu. Unajua naitwa Chuma. Niliitwa hivyo kwa sababu wageni walipokuwa wakitetemeka ndani, mimi nilikaa nje ya mlango bila glavu. Walihitaji mtu wa kumtazama wapate moyo. Nani anamhitaji Chuma mahali penye joto? Wiki iliyopita kijana mmoja alinivua koti kwa adabu, akalitundika, akaniambia, "Babu, pumzika." Babu!

Kwa hiyo naomba utoboe matundu ya ukubwa wa ngumi upande wa upepo, utoe sufu uweke magazeti, na ulegeze ile miguu ya vyuma kibanda kiyumbe. Si sana, kiasi cha kutisha tu. Najua utasema miguu hiyo imewekwa ili tusichimbe ardhi wala kumwaga saruji, na kwamba siku kibanda kikiondolewa nyasi zitarudi kana kwamba hatukuwahi kufika. Ni wazo zuri. Lakini nyasi zikinisahau kabisa, nani atajua kwamba nilikuwepo?

Ikishindikana yote, basi kihamishie kileleni chenyewe. Wakikataa kutoka, watakuwa wameshafika.

Nisalimie dada yangu, mumeo, wenzako wote wa ofisini, na yule mlinzi wa getini anayenizuia kila nikija na buti zenye matope.

Ni mimi, wako kwa damu na kwa manung'uniko,

Mjomba (Chuma)

N.B. Barua hii imechelewa kuondoka. Theluji ilitukuta mchana tukishuka, mimi na walimu wanne waliotaka kwa dhati kufika juu. Njia ilifutika. Mmoja wao alikuwa akitetemeka, halafu akaacha, na mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka ndipo pa kuogopa. Vidole vyangu mwenyewe vilikataa kushika kamba. Tulifuata ile taa ya sola uliyoiweka juu ya paa hadi mlangoni. Mke wangu alimvua yule mwalimu nguo zilizolowa, akamfunika, na kuta zako zikafanya kazi iliyobaki. Jioni mwalimu aliomba chai, kisha akaomba nyingine. Enzi za mabati, mtu wa namna ile niliwahi kumshusha bondeni akiwa amefunikwa uso.

Aliniuliza nani amejenga hapa. Nikasema, "Mwanangu." Sikusema mpwa.

Usitoboe chochote. Chora kingine, kikae pale njia ilipotupotea. Mbao nitazibeba mwenyewe.