Ng'ombe wa Mnyonge Mmoja

Jumatatu, 13 Julai
Ushindi! Sheria ndogo ya mabua imepita. Tangu enzi za babu, mavuno yakiisha mashamba huwa ya wote, ng'ombe wa yeyote hula mabua popote. Sasa basi! Bila kibali cha mwenye shamba, kilichosainiwa na mwenyekiti wa kijiji, faini. Isipolipwa, mnada. Mughwai atakoma. Ana ng'ombe wengi, shamba hana, na anakitaka kiti changu cha udiwani.

Jumanne, 14 Julai
Mughwai ameomba kibali. Wenye mashamba wote wamemkubalia. Hata shemeji yangu!
Mgambo wameambulia ng'ombe mmoja, wa Mama Severina, mjane. Amekuja ofisini. Ni rika la mama yangu, ningepaswa kumwamkia, lakini nilikuwa nimekalia kiti cha ofisi. Kiti hakiamkii mtu. Akasema faini haiwezi, na kumnyang'anya si haki. Nikamjibu kwamba haki aiulizie kanisani, hapa tunashughulika na sheria. Mgambo walicheka sana. Naiandika nisiisahau.

Jumatano, 15 Julai
Mgambo wamekuja mbio kunipongeza. Wamekamata ng'ombe sita ndani ya shamba langu mwenyewe! Nikawasifu. Nikaenda zizi la kijiji kuwatazama hao wavamizi.
Ni wangu.
Kwetu mtu hulaza ng'ombe kwa rafiki. Rafiki anapata maziwa na samadi, mwenyewe anabaki na ng'ombe na ndama. Wangu hulala kwa Obadia. Zizi langu ni tupu, kwa hiyo kisheria sina ng'ombe. Ndiyo maana kwenye kampeni niliapa sina hata mkia, mimi ni mnyonge mwenzenu. Watu walilia. Sasa hao sita ni mahari ya mwanangu Peniel, na wakwe wanakuja Jumapili kutoka Mtinko!
Nimemwomba Obadia aseme ni wake. Amekataa, eti mzee wa kanisa hasemi uongo. Rafiki gani huyu!

Ijumaa, 17 Julai
Mkutano wa kijiji. Nimehutubia vizuri kuliko siku zote. Nimesema kipo kitu kikubwa kuliko sheria, nacho ni haki. Nimetoa leso. Nimeomba wale sita waachiwe, kwa ajili ya mnyonge mmoja asiyeweza kujitokeza.
Mama Severina akasimama. Akauliza, kwa heshima zote, mnyonge huyo ana jina?
Nikakohoa.
Mughwai naye akapaza sauti: Mheshimiwa alitaje tu, faini nitalipa mimi mwenyewe! Mkutano mzima ukanitazama. Nikasema, hata hivyo, sheria ni sheria.
Wamepiga makofi. Yalikuwa makofi mabaya.

Jumamosi, 18 Julai
Mnada. Ng'ombe wa Mama Severina amekwenda. Sita wangu wamechukuliwa na Mughwai! Yule jike mwekundu alinitambua, akanifuata mpaka langoni. Nikamtupia jiwe mbele ya watu. Inauma.

Jumapili, 19 Julai
Wakwe wamekunywa chai, wakalitazama zizi, wakatazamana. Mzee Mathayo, baba wa binti, akasema kwao binti haolewi kwa hotuba. Wameondoka. Peniel hasemi nami. Mke wangu Asnath anasema ningetaja jina langu tu, ng'ombe wangerudi. Hajui siasa huyu.

Jumatatu, 20 Julai
Nimeamka na akili mpya! Mughwai naye amelaza ng'ombe kwa marafiki kila kona. Basi naandaa sheria nyingine: ng'ombe ni wa mwenye zizi alimolala. Atabaki na fimbo!
Mimi nina wawili waliobaki, kwa Clement kule Mungaa. Clement ana mdomo. Nimewahamishia kwa Mama Severina. Nani atashuku? Mjane mpole, hana hila, na zizi lake sasa lina nafasi. Nilimwamkia shikamoo, nikainama hasa. Akaitikia, marahaba mwanangu. Akauliza kama tuite shahidi. Nikamwambia hapana mama, ibaki siri yetu.
Akauliza sheria mpya inapita lini.
Kumbe bibi huyu anafuatilia siasa! Nikamhakikishia: Ijumaa, bila kukosa.