Okidi ya Mama Mkwe na Kiroba cha Samadi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amekwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Wiki tatu. Ameniachia okidi yake! Mimi! Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kuniachia hata ufunguo wa stoo. Kwake mimi ni "huyu bwana" tu. Amesema ina vitumba vitatu, na akirudi anataka kuliona ua vizuri, maana miaka yote ameona weupe tu. Masharti: isipigwe na jua kali, imwagiliwe mara moja kwa wiki, chungu kisiguswe. Nimeapa. Likichanua, lazima aniite mwanangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimegusa chungu. Hamna udongo! Magome ya mti na vipande vya mkaa, basi. Maskini, mmea unashinda njaa. Mizizi mingine imetoka nje inaning'inia hewani, bila shaka inatafuta chakula. Nimeleta kiroba cha samadi ya mbuzi, nikashindilia mpaka juu, mizizi yote ndani. Maji ndoo nzima. Mke wangu ameuliza harufu hiyo ni ya nini. Nimemjibu ni ya maendeleo.

Jumapili, 9 Machi
Jani moja la njano. Kitumba kimoja kimeanguka. Nimeongeza samadi.

Jumatatu, 10 Machi
Kitumba cha pili chini! Mke wangu, bila kushauriana nami, amemwita Fundi Saa wa nyumba ya chini. Mimi na mtu huyo hatuivi. Maua yake ya barazani hustawi kwa makusudi, kunikomoa. Amekuja na lenzi yake ya jicho moja, akaufukua mmea taratibu, utadhani anafungua saa ya mfalme. Nusu ya mizizi imeoza! Ameikata kwa mkasi uliopitishwa motoni, akaurudisha mmea kwenye magome na mkaa. Akaeleza kwamba porini okidi hii hukaa juu ya matawi ya miti, mizizi yake hupumua, na kuifukia ni kuizika hai. Nikamwambia nilijua. Nilikuwa najaribu tu.
Vile vitumba viwili nimeviweka kwenye friji. Huwezi kujua.

Jumatatu, 17 Machi
Siku ya maji. Nimeuweka mmea kwenye beseni bafuni. Mizizi mikavu ina rangi ya fedha. Nikamimina maji, na ikageuka kijani mbele ya macho yangu! Polepole, ikifuata tone linapopita. Inakunywa, na unaiona inavyokunywa! Nimekaa sakafuni nikiitazama mpaka suruali ikalowa. Kazini nimefika saa tano, nikasema ni foleni. Ningewaeleza nini?

Jumapili, 23 Machi
Nimeshika mswaki, nikageuka, nikakuta kitumba kilichobaki kimepasuka. Petali ya kwanza, halafu ya pili. Mpaka adhuhuri ua zima! Jeupe, limetulia, katikati lina vidoa vya zambarau vidogo sana, kimoja kimoja. Nani amevitia? Na vya nini, juu ya tawi porini ambako hapiti mtu? Nimemwita mke wangu. Nimemwita hata Fundi Saa. Tumeliinamia watatu. Nilitamani kulia, ila Fundi Saa alikuwepo.
Walipoondoka nikakumbuka Mama aliacha vitumba vitatu. Nimebandika vile viwili vya friji kwa gundi ya viatu. Mama haoni vizuri.

Jumatatu, 24 Machi
Mama anaona vizuri.
Ameinama mbele ya ua muda mrefu. Akahesabu vidoa kwa kidole bila kuvigusa: kumi na saba. Akasema miaka yote hiyo vilikuwa hapa na hakuvijua. Mke wangu alimkumbusha kuwa daktari amemkataza kulia. Hakusikia. Nami nikageukia dirisha.
Kisha akaniita mwanangu! Neno lenyewe! Mwanangu, akauliza, gundi hii ni ya nini?

Jumanne, 25 Machi
Amenisamehe. Zaidi ya hapo, amenipa kichipukizi cha okidi kilichoota kwenye bua, chenye mizizi miwili, kiwe changu. Akarudia mara tatu: magome, mkaa, hewa. Fundi Saa alikuwa anatikisa kichwa pembeni. Nimewasikiliza kwa moyo wote, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nimewaza, na kosa nimeshaliona.
Samadi ilikuwa ya mbuzi. Kesho naleta ya kuku.