Poireaux Baada ya Vitunguu

Jumatatu, tarehe 27 Juni 1960
Nimemaliza kuvuna. Vitunguu kikapu kimoja, saumu konzi mbili. Matuta matatu yako wazi, yote pamoja hayazidi ukubwa wa mkeka. Nipande nini sasa? Zaina, mke wangu, anataka maharagi na lengalenga, ule mchicha wa kila siku. Mawazo ya kikoloni! Tunajitawala Alhamisi, halafu tule lengalenga? Nilibeba masanduku ya mbegu kule Yangambi, kituo cha kilimo cha Wazungu, miezi kumi na mmoja. Mtaalamu ni mimi. Nitapanda poireaux, yule ndugu mrefu wa kitunguu. Madame, yule Mzungu wa barabara ya mtoni, ameahidi kuzinunua zote kwa supu yake.

Mama Hadidja, mama mkwe wangu, ndiye mwenye shamba. Amesema ardhi isipotia kitu chunguni hadi mwisho wa Julai, nitanyang'anywa. Nimecheka. Kimoyomoyo.

Alhamisi, 30 Juni
Uhuru! Mtaa wetu wote wa Mangobo unacheza. Mimi nimepanda. Jirani yangu Félicien, mvuvi wa maporomoko, amesimama upande wake wa vigingi vya mpaka kunishauri: baada ya kitunguu usipande ndugu yake, funza wake wamebaki udongoni wanangoja. Nimemjibu kwamba ndugu ndio hurithi. Mvuvi! Anajua nini zaidi ya samaki?

Jumapili, 10 Julai
Zimeota! Nyembamba kama nywele. Nimemwita Félicien aone. Ameona. Ameuliza tu kama Madame bado yupo, maana askari wameasi na ndege zinaondoka zimejaa Wazungu. Wivu mtupu.

Jumatano, 13 Julai
Madame ameondoka. Mpishi wake anasema ameacha mbwa, na supu mezani. Haidhuru. Wakubwa wetu wapya nao watakunywa supu.

Jumamosi, 16 Julai
Funza. Matuta yote matatu. Félicien ameyatazama, akarudi kupalilia, na hilo ndilo linaloniudhi. Kwake lengalenga imejaa mpaka kwenye vigingi. Kumbe aliipanda katikati ya vitunguu vyake hata kabla ya kuving'oa. Ujanja wa kishamba.

Nyumbani chungu hakikosi mboga. Sijui Zaina anaitoa wapi. Sijauliza. Mtaalamu haulizi.

Ijumaa, 29 Julai
Zimebaki siku mbili. Shamba langu ni jangwa. Nikifukuzwa humo, mtaani watanicheka hadi kiama. Lakini nimepata wazo! Mipaka ya wakoloni lazima isahihishwe. Félicien yuko mtoni, Zaina yuko sokoni. Nimehamisha vigingi hatua mbili. Sasa tuta zima la lengalenga liko kwangu. Nchi huru!

Jumapili, 31 Julai
Mama Hadidja amekuja. Nimemwonyesha tuta. Amelizunguka, akanisifu mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Nilijisikia waziri. Ndipo Félicien akakohoa.

“Papa Amuri, ile tuta iko ya Zaina. Alinipa saumu ya mbegu, nikamupa udongo.”

Zaina alitazama chini. Nadhani alikuwa anazuia kicheko.

“Bon,” akasema Mama Hadidja. “Donc huyu bwana ameiba mboga ya bibi yake Zaina, ile anakula kila siku.”

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Shamba amepewa Zaina. Mimi nimeachiwa ukanda ulio kando ya choo, upana wa jembe moja, eti mume asikose mahali pa kusimama. Vigingi nimevirudisha mwenyewe, watu wakihesabu hatua.

Jumatatu, 1 Agosti
Nimetafakari. Kosa lilikuwa la mbegu. Na la Madame. Mama mkwe hajui alichonipa: kando ya choo ndiko kwenye rutuba! Yangambi walikuwa na asperges, machipukizi ya kizungu yanayochomoza kama vidole. Huvunwa baada ya miaka mitatu tu, minne ukitaka manono. Mwaka 1964 nchi itakuwa imetulia kabisa, Wazungu watakuwa wamerudi na njaa zao.

Ila ukanda ni mwembamba. Kesho Zaina akienda sokoni, nitasogeza kigingi. Kidogo tu.