Choo cha Ghalani na Lango la Mashetani

Jumatatu, 4 Novemba

Ushindi! Binti yangu Chinatsu amekubali kuja kujifungulia kwetu, siyo kwa mama mkwe wake mjini. Mjukuu wangu wa kwanza! Anafika Jumamosi, mimba ya miezi minane. Ana sharti moja tu: choo kiwe karibu na kitanda, maana chetu kiko mwisho wa baraza na baridi yake inapenya mpaka kwenye mifupa. Nimemwambia aondoe shaka. Ghala la mpunga la marehemu baba nitaligeuza chumba chenye choo chake. Siku tano. Kwani ugumu uko wapi?

Mke wangu Sumie ameuliza kama nitamwita Nezu wa ng'ambo ya barabara, aliyefunga mabomba miaka arobaini. Nezu! Aliyenishinda mara tatu mfululizo kwenye mashindano ya achari ya figili! Nimesema jina hilo lisitajwe mezani.

Jumanne, 5 Novemba

Nezu kaja bila kuitwa. Kachungulia ghalani, mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali. Kasema choo kikae pembe ya nyuma, kwa sababu chemba ya majitaka iko hapo hapo nje ya ukuta. Bomba mita moja, kazi ya nusu siku. "Tokuji, ndugu yangu, usijitese bure."

Jeuri gani hii! Nikatoa dira. Nikaiweka juu ya sanduku la vifaa isitikisike. Sindano ikasema wazi: pembe ya nyuma ni kaskazini-mashariki. Lango la mashetani, wanakoingilia! Hata mtoto mdogo anajua hapo hapawekwi choo. Nezu akakuna kichwa, akasema yeye aliona jua likizama karibu na upande ule. Nikamwambia dira haina macho mabovu. Akaenda zake. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Kusini-magharibi nako hakufai, ndiko mashetani wanakotokea wakishaingia. Nimechagua kusini-mashariki. Chemba iko mbali kidogo tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mbali kidogo ni mita sita. Kila mita bomba lishuke sentimita mbili, nimesoma. Rahisi! Ila katikati ya njia kuna jiwe la msingi aliloliweka babu, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Nimelipiga nyundo. Nyundo imevunjika.

Basi bomba lipite juu ya jiwe. Na bomba likipanda, choo nacho kipande! Akili hizi sijui nimezirithi kwa nani. Nimejenga jukwaa la sentimita arobaini, nikamwaga ndoo ya maji niliyoyatia rangi kwa juisi nyekundu ya plamu za chumvi, nione yanakwenda wapi. Yamekwenda kwenye soksi zangu. Nimeinua jukwaa mpaka sentimita sabini. Yakashuka! Yakakimbia! Nimeruka ruka peke yangu ghalani.

Ijumaa, 8 Novemba

Sumie kaja kuona. Kalizunguka jukwaa mara mbili. "Baba Chinatsu, hiki ni choo au mnara wa zimamoto?" Kauliza mwenye tumbo la miezi minane atapandaje. Nikamwonyesha ngazi, hatua tatu, na kamba ya kujishikilia. Kauliza, na kichwa? Nikapanda, nikakaa. Boriti ikanigonga utosini. Nimeifunga mto. Tatizo limekwisha.

Jumamosi, 9 Novemba

Chinatsu kafika. Nikafungua mlango wa ghala kwa mbwembwe. Akatazama juu. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu uso ukabadilika: kicheko kilikuwa kimemharakishia haja ndogo. Akapanda hatua moja. Ya pili ikamshinda. Akatoka mbio kwenda wapi? Kwa Nezu! Kwenye kiti cha choo kinachopashwa joto kwa umeme!

Aliporudi alisema kwa upole kwamba ananipenda sana, ila kesho anakwenda kwa mama mkwe. Nikavuka barabara mwenyewe, nikamwinamia Nezu mpaka kiuno kikalia.

Hakunicheka. Alikuja, akatazama dira yangu juu ya sanduku, akalifungua sanduku, akatoa sumaku yangu ya kuokotea misumari, nzito kama tofali. Alipoipeleka sumaku nje, sindano ilizunguka robo nzima ya duara. Pembe ya nyuma ni kaskazini-magharibi, haina neno. Kaskazini-mashariki ni pale penye jukwaa. Nimewajengea mashetani kiti cha enzi, na mto wa kichwa juu! Hapo Nezu ndipo alipocheka. Sumie akacheka, Chinatsu akacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Jumapili, 10 Novemba

Nezu kamaliza kabla ya chakula cha mchana. Bomba mita moja. Chinatsu amekijaribu choo mara nne na anabaki! Mjukuu ni wetu! Na sifa ni za nani? Nani aliyeleta habari za dira tangu mwanzo?

Jukwaa sitalitupa. Nalihamishia pembe yenye bahati, nipange juu yake mapipa yangu ya figili. Mwaka huu Nezu atanitambua!

Chinatsu kauliza kama nimejifunza chochote. Nimejifunza sana: sumaku haikai sandukuni. Nimeitoa. Iko mfukoni mwangu, na dira nimeishika mkononi. Na ajabu iliyoje! Kila ninakogeuka, sindano inanielekea mimi.