Ibara Kumi na Nne za Mablanketi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kwako Shajara, salamu na heshima. Madhumuni ya kukuandikia ni kuweka kumbukumbu ya namna duka dogo la dobi linavyoweza kujenga ubia wa kudumu wa hisani na Nyumba ya Wazee iliyo mtaa wa pili. Wengine watahitaji mwongozo.

Mambo yameanza vyema. Mashine ya kufulia ya wazee imekufa. Matroni, msimamizi wao, alifika dukani na mablanketi arobaini juu ya mkokoteni, akauliza kama tungeweza kuwafulia, na ikiwezekana kila wiki, maana baridi imeingia. Mke wangu alikubali kabla sijavaa miwani. Nililazimika kuingilia kati. Nilimweleza Matroni kwamba hisani isiyo na maandishi ni kama shati lisilo na alama ya dobi: haijulikani ni ya nani. Akasema sawa baba, andika utakavyo, ila Jumatano anayahitaji.

Aligusia pia kwamba Jumamosi kamati yao itaamua maneno ya kibao kipya cha getini. Nikauliza kama kitataja wafadhili. Akasema huenda. Neno hilo nililiandika kiganjani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mkataba umekamilika. Ibara kumi na nne, kila moja kwenye ukurasa wake, kila ukurasa na muhuri wake. Ibara ya 3: utepe. Ibara ya 6: mpiga picha. Ibara ya 9: jina la duka getini, kwa herufi zisizopungua urefu wa kiganja. Kufua kumetajwa katika Ibara ya 13.

Nilipoupeleka nilimkuta Kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, akiwanyoa wazee uani. Nimebaini kwamba huja kila Jumanne, mwaka wa sita huu. Miaka sita ya hisani bila barua hata moja! Nilimuuliza anatambulika pale kwa hadhi gani. Akajibu kwamba anatambulika kwa mkasi. Wazee walicheka hata mmoja wao akachubuliwa sikio. Tukio hilo nimelihifadhi. Kamati yaweza kupenda kulijua.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mablanketi yamefuliwa, yamekauka, yamekunjwa. Mke wangu alikwisha kushika mkokoteni nilipomzuia. Ibara ya 3 iko wazi: hakuna blanketi litakalovuka kizingiti kabla ya utepe kukatwa, na mpiga picha hana nafasi hadi Jumamosi. Nimeyapanga dirishani na kuyafunga utepe wa bluu. Wapita njia wanageuza shingo.

Mke wangu aliuliza wazee watajifunika ibara ya ngapi kwa siku hizo tatu. Swali la msingi. Mkataba uko kimya.

Jioni Kinyozi alipita na ujumbe kutoka kwa Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye anaishi pale tangu mwaka jana. Ndiye aliyenilea. Alifua nguo za watu kwa mikono yake miaka ishirini, na pasi ya mkaa niliyoanzia kazi ilikuwa yake. Hayo hayahusiani na hoja iliyo mezani. Ujumbe wenyewe: mwambieni yule mtoto aniletee blanketi langu la mistari myekundu, magoti yameanza kulia. Nilimjibu kwa maandishi kwamba ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mvua na upepo tangu alfajiri. Nilikwenda kufuatilia mkataba. Matroni alikiri kuupokea, akanionyesha ulipo. Ratiba ya dawa za wazee imeandikwa nyuma ya Ibara ya 1 hadi ya 7 na kubandikwa ukutani, maneno yangu yakitazama saruji. Alinishukuru kwa karatasi nzito. Nimeamua kuhesabu hatua hiyo kuwa utekelezaji wa awali.

Ukumbini nilikuta jambo la kusikitisha. Wazee walikuwa wameketi wamejifunika mashuka ya Kinyozi, yale meupe ya kufunga shingoni mteja anaponyolewa. Alikuwa ameyaleta yote asubuhi. Dukani kwake wateja walikuwa wakinyolewa na gazeti kifuani. Niliyakagua mashuka moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lenye jina la duka. Mtu huyu hana ajuacho kuhusu ubia.

Shangazi alikuwa pembeni, mashuka mawili begani, mikono kwapani. Aliuliza nimekuja na blanketi au nimekuja na karatasi. Nilikuwa na karatasi. Nilimweleza kwa upole kwamba saini ya mnufaika ingeipa nguvu hoja yangu mbele ya kamati. Akasema, lete kalamu basi, mwanangu. Vidole vilimkatalia, ikabidi aishike kwa mikono miwili. Aliandika polepole sana. Nilipofika nje nikasoma. Mahali pa jina ameandika: Blanketi. Mahali pa cheo: La mistari myekundu.

Hati hiyo haiwezi kuwasilishwa. Hata hivyo nimeikunja na kuiweka mfuko wa shati, kwa uhifadhi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Uvunjaji wa mkataba, tena kutoka ndani ya nyumba. Nilirudi kutoka kununua wino wa muhuri nikakuta dirisha tupu. Utepe ulikuwa umening'inia kwenye msumari. Mke wangu alikuwa anasukuma mkokoteni mtupu kuingia, viatu vimejaa matope, akipiga mluzi.

Nilidai maelezo. Akasema amepeleka, wamepokea, wamejifunika. Nikauliza nani alishuhudia. Akasema arobaini walishuhudia, ila ishirini walishalala. Akaongeza kwamba Shangazi alijifunika hadi puani na kusema kwamba mkunjo ule aliutambua, ni mkunjo aliomfundisha yule mtoto. Nilihitaji kusafisha miwani kwa muda. Mvuke wa pasi.

Kisha likaja la pili. Mke wangu amekubaliana na Matroni kwamba tutafua kila Jumatatu, bila mwisho. Makubaliano ya mdomo, getini, mkono mmoja ukiwa kwenye mkokoteni! Nilimuuliza ibara ziko wapi. Akasema, Mheshimiwa, Jumatatu ndiyo ibara.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilihudhuria kikao cha kamati nikiwa na tai na nakala sita. Nilipewa dakika tano. Utangulizi wangu ulichukua nane.

Wakaamua. Fundi rangi akaandika kibao hapohapo, nikisimama nyuma yake. Nakinukuu kikamilifu: JUMATATU MABLANKETI. JUMANNE NYWELE. WAGENI KARIBUNI SIKU ZOTE.

Hakuna jina. Hakuna duka. Kinyozi alisoma mara mbili, akaridhika, akasema sasa hata akisahau siku geti litamkumbusha. Mke wangu alisema tumetangulia nywele, nataka nini tena. Mpiga picha alifika kwa wakati. Nilipigwa picha nikiwa na utepe, peke yangu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu na nimeliona kosa. Ibara zilikuwa chache mno. Rasimu mpya ina ishirini na mbili, na safari hii imeandikwa pande zote mbili za karatasi, ili ratiba ya dawa ikose mahali.

Barua ifuatayo nimeiweka juu ya meza ya pasi, mahali ambapo mhusika hawezi kukosa kuiona:

Kwa Mke Wangu Mpendwa. Kichwa cha habari chahusika. Kwa kuwa kibao cha getini hakitaji jina la duka. Na kwa kuwa ubia wa kudumu hauwezi kudumu bila kutambuliwa. Napendekeza kwamba mablanketi yatakayoletwa kesho yafuliwe, yakunjwe, kisha yazuiliwe dirishani hadi kibao kirekebishwe. Isipokuwa moja, lenye mistari myekundu, ambalo nitalipeleka mwenyewe likiwa bado na joto la pasi, kwa sababu za kiufundi.

Mkokoteni unafika saa mbili asubuhi. Naomba uamuzi wako kabla ya hapo.